Vidonge vya Bibi

Mume wangu Haitham,

Usicheke. Nnakuita mume wangu kama nilivyokuita tangu unatambaa, na leo nna haki zaidi, maana unataka kupanda ndege kesho asubuhi uniache, na hata kunitizama usoni hunitizami.

Nnakuandikia kwa herufi za chuoni kwa sababu skuli sikuingia hata kuchungulia. Mwalimu wa Kurani alinifunza alifu na bee, nikazichukua nikaziandikia Kiswahili changu, bas. Weye unazijua. Ukikwama soma kwa sauti, utanisikia.

Habari za nguo na chakula sikwambii. Mke wa ami yako keshafunga begi, katia mpaka achari, kama kwamba huko unakokwenda watu hawali. Mie nna jambo moja na sitalizunguka. Ndege yako inaruka kesho asubuhi, na kesho hiyo hiyo asubuhi klabu yenu ya mpira imemwita Wafula, mchuaji wenu wa misuli, kumuhukumu. Ami yako Suleiman tiketi ile ya siku hiyo hakuiokota, aliitafuta khasa. Ukiruka weye, Wafula atabeba peke yake. Na weye unajua, na mie najua, kwamba vidonge vilivyomwangusha rafiki yako Azzan havikutoka kwa Wafula.

Vilitoka kwako. Na kwako vilitoka kwangu.

Nimeandika. Na sifuti.

Weye umekulia juu ya mfuko wangu wa dawa, unaujua. Katika nyumba zetu hizi, mtu akenda India kutibiwa harudi mikono mitupu. Analeta kanga, analeta mafuta ya nywele, analeta na vidonge. Vinavyombakia havitupi. Wanawake wakija kunywa kahawa hapa Al Hail, haluwa ikishaliwa, mfuko unatoka. "Bi Salma, mgongo? Chukua hichi chekundu." "Bi Rahma, hulali? Hichi cheupe chenye mstari, lakini nusu." Hakuna kati yetu anayesoma kilichoandikwa. Tunakwenda kwa rangi. Na kwetu sisi kumnyima mtu dawa iliyokubakia ni uchoyo, sawa na kumfichia mgeni chakula. Watu wakinisifu: Bi Zuwena mkono wake una baraka. Nami nikisifiwa nnavimba, unanijua.

Kile cha kwanza nilikupa mwenyewe. Nilikuwa nimerudi kutoka India kufanyiwa goti langu, na weye goti lako limefura kama boga, mechi kesho yake. Ukaja ukakaa kitandani kwangu ukanambia, "Bibi, nisipocheza watamweka mwengine, na akishawekwa hatoki." Nikautizama uso ule. Tangu ajali ya njia ya Nizwa iliyowachukua wazee wako, uso ule ukinuna mie sina akili. Nikakwambia, "Chukua hichi. Mie kilinilaza kama kichanga."

Ukacheza. Mkashinda. Ukaja ukaninyanyua na kiti changu mbele ya wageni, ukasema mchezaji bora wa leo ni Bibi. Nilicheka mpaka mtandio ukaanguka.

Kisha ukarudi. Ukarudi tena. Goti likapona, na weye bado unarudi.

Sikuwa kipofu, Haitham. Nilikuona unajikuna pua. Nilikuona unasinzia tonge la wali li mkononi. Nikaona jasho linakutoka na mashine ya baridi inanguruma juu ya kichwa chako, na kijana ambaye hajapata kunipandishia sauti anamtukana mtumishi wetu, Nakato wa watu, kwa sababu ya soksi. Nikasema: husda. Beki wa timu, kijana mzuri, picha yake kila mahali, watu wamemtia jicho. Nikafukiza ubani nyumba nzima. Nikakufunika shuka nikakuzingua, nnakusomea huku nnakupulizia, na weye chini ya shuka unatetemeka meno yanagongana, na mie nnawaambia watu, "Mnaona? Linatoka hilo."

Hakukuwa na kitu kinachotoka. Ulikuwa umekosa kidonge tangu juzi yake. Ukanambia pole pole chini ya shuka, "Bibi, nipe kimoja tu, wallahi nakufa." Nikaupitisha mkono wangu nikakupa. Ukatulia. Nami nikatoka nje nikawaambia alhamdulillahi, kisomo kimefanya kazi.

Siku ile nilikuwa nishajua. Sikujua jina lake, lakini nilijua kuwa kinachokutuliza ndicho kinachokutetemesha. Na baada ya hapo nikafanya nini? Nikashika simu. Huyu mwanawe anakwenda India, yule mumewe anarudi kutoka Bangkok, wote nikawaambia goti langu limenirudia, niletee vile vile vya mwanzo. Nilikuwa nnapanda ngazi kama mwari, nikisikia gari la wageni nje nnachukua mkongojo. Bibi mzima na utu uzima wangu nnachechemea kwa ajili yako.

Sikufanya kwa ubaya. Lakini nimeishi vya kutosha kujua kwamba neno hilo, "sikufanya kwa ubaya", halimnyanyui aliyeanguka.

Wiki iliyopita nilikwenda Al Amerat kumtizama Azzan, maana kesharudishwa nyumbani. Ami yako alinipeleka, akabaki garini, ati ana simu ya kazi. Mama'ke akanipokea na bakuli langu la supu kama nimemletea ufalme. Azzan yule, winga yule ambaye kwenye televisheni mtangazaji alikuwa hawahi kulitaja jina lake keshapita, analishwa kwa kijiko. Anasema neno, anangoja, anasema jengine. Madaktari wamemwambia mama'ke kuwa pumzi ilikatika muda mrefu kabla hawajamfikisha, kichwa kimeumia, huenda akarudi kama zamani, huenda asirudi.

Mama'ke akanikalisha. Akanishika mkono. "Bi Zuwena, Haitham ni rafiki yake. Hajasikia ni nani aliyempa? Huyu Mkenya wanasema ndiye. Na weye unaona ndiye?"

Nikasema, "Sijui, mwanangu."

Akanibusu kichwani. Haitham, akanibusu kichwani na kunishukuru kwa supu. Na Azzan akanigeukia, akakusanya maneno yake moja moja, akaniuliza, "Bibi… goti la Haitham… vipi?"

Anajua nani alimpa. Mdomo wake mzito, akili yake nzima. Anajua, na hakusema, na akakuulizia goti. Mie tangu siku ile chakula ninachokula nnakisukuma kwa maji.

Sasa nikwambie la jana, ambalo ami yako hataki ulijue. Jana alasiri Wafula alikuja hapa. Suleiman alimkuta mlangoni akamwambia hupo, akamfungia geti. Nami nilikuwa dirishani. Nikamtuma Nakato akamzungushe mlango wa jikoni.

Akaingia kainama, mtu mrefu yule, mikono kama makasia. "Shikamoo, shosho."

"Marahaba. Shosho ndo nani?"

"Nyanya. Yaani… bibi."

"Nyanya ya kutia mchuzini? Kaa kitako, baba, utavunja taa."

Nikamtilia kahawa akaionja akakunja uso. Nakato akamwekea chai ya maziwa, na haluwa ile akaimaliza yote, sahani nzima. Nikajua huyu mtu hajala tangu asubuhi. Usidhani alikuja kunililia. Alikuja na hasira zake zimekunjwa vizuri kama shati.

Akasema, "Mimi sikuja kugombana. Nataka Haitham aseme jambo moja tu. Aseme Wafula hakuleta. Asiseme nani alileta, sijali. Aseme tu si mimi."

Nikamuuliza, "Na weye ulikuwa unajua?"

Akaweka kikombe chini. Kisha akasema, "Nilijua, shosho. Sote tulijua. Mimi ndiye nilishika lile goti. Nilimwambia kocha huyu apumzike, akaniambia funga bandeji, mengine si kazi yako. Nikafunga. Niko na watoto nyumbani, nikafunga na nikanyamaza. Hilo ni langu, na keshokutwa nitalisema. Lakini kuleta, sikuleta."

"Kwani wangapi wanavitumia?"

Akanitizama kwa namna ambayo hadi sasa inanichoma. Akasema, "Wewe hujui vinaitwaje kule ndani?"

"Vinaitwaje?"

"Vinaitwa vya Bibi. Mtu akiumia anauliza, nani ako na vya Bibi? Hata meneja akitaka mtu acheze, anaambia Haitham, msalimie Bibi."

Nakato aliangusha kifuniko cha sufuria.

Meneja wenu alikuja hapa Idi, unakumbuka? Alikaa pale pale alipokaa Wafula, akala, akanambia, "Bibi, timu nzima inaishi kwa baraka zako." Na mie mjinga nikadhani dua zangu! Nikamfungia na biriani aende nayo. Nikawahadithia wanawake wiki nzima, timu inaishi kwa dua zangu. Kumbe yule mtu alikuwa ananishukuru kwa sumu, kwa adabu, na mdomo wake umejaa nyama yangu.

Na sasa meneja huyo huyo ndiye atakayekaa kwenye kiti kesho kumuuliza Wafula vidonge umevitoa wapi.

Usiku wa jana nilimkabili Suleiman. Nilimwambia Haitham haendi. Akanambia, "Mama, teremsha sauti."

"Siteremshi. Nyumba yangu."

"Mama, sitara ni bora. Mungu mwenyewe anapenda kusitiri. Yule Mkenya atarudishwa kwao, atapata kazi nyengine. Haitham akitajwa, jina letu sote limekwisha. Binti yangu nani atamuoa?"

Nikamwambia, "Sitara ni kumfunika aliye uchi. Weye unamvua Wafula nguo ili umvike Haitham. Hiyo si sitara, huo ni wizi."

Akanambia nimezeeka. Kweli. Nikamwambia, "Nimezeeka, ndiyo, na bado nnakushinda kelele." Akaondoka akaubamiza mlango. Si mtu mbaya, ami yako. Anakupenda kama mie, na kwa upumbavu ule ule.

Hilo la sitara linaniuma kwa sababu mie ndiye niliyemfunza. Nikwambie kitu ambacho baba'ako hakupata kukujuza. Babu yako alikuwa mlevi. Weye umeonyeshwa picha yake na kanzu na kilemba, na harufu haitoki kwenye picha. Tulipovuka bahari tukaja huku na watoto wadogo, alipata kazi ya kuendesha gari la maji, na siku asizoweza kunyanyuka nilikuwa nnatoka mlangoni nawaambia wenzake ana homa. Homa ya mwaka mzima! Nikawafunza wanangu waseme homa. Suleiman alikuwa mdogo, anasimama mlangoni na nepi, anasema, "Baba homa." Wote walijua. Mtaa ulijua, msikiti ulijua, wenzake wakipokezana zamu zake kimya kimya. Nilikuja kugundua siku ya matanga, jirani mmoja aliponambia, "Masikini, tulimuonea huruma na ile pombe." Nilimzika na siri ambayo mji mzima ulikuwa nayo.

Na kwa kuwa sote tulimsitiri, hakuna hata mmoja aliyemwambia acha. Hakuna aliyemshika mkono akamwambia twende tukatafute dawa. Alikufa akidhani yu peke yake, na nyumba imejaa watu wanaomfichia.

Sasa nnakutizama weye unavyofunga mlango wa chumba chako, unavyocheka kwa sauti kubwa mezani ili tuone umecheka, na nnamuona yeye. Nilidhani nimeshaizika ile homa. Nimekurithisha.

Nimemuendea yule binti wa jirani yetu, daktari. Sikumtaja mtu, ingawa si mjinga. Nikampa karatasi ya vidonge aisome. Akaisoma, akavua miwani. "Bibi, hivi ni wajukuu wa afyuni." Afyuni, kasumba ile, mie naijua kwa jina, wazee wetu walikuwa wakituogopesha nayo. Sikujua kuwa nimeitia mfukoni kwangu pamoja na vidonge vya kikohozi. Akanambia ni maradhi na yana tiba, tena hapa hapa, na kwamba mtu asiache kwa ghafla peke yake chumbani, aende akaachishwe pole pole na wanaojua. Akanambia na jengine: aliyekwisha kuzoea anameza vinavyomtosha, na mgeni akipewa hivyo hivyo hushindwa kuvuta pumzi. Ndivyo alivyoanguka Azzan. Ulimpa kipimo chako. Ulimpa kwa mapenzi, kama mie. Unaona inavyotembea?

Mfuko nimempa daktari wote. Hata vyekundu vya Bi Salma.

Najua utakavyosema, maana ulisema juzi ukidhani nimelala: "Nikisema, nimekwisha." Huenda, mwanangu. Sikudanganyi. Huenda wakakufungia mpira, huenda hao wa timu ya huko wakakataa kukuchukua, huenda polisi wakakuuliza na ukakosa la kujitetea. Sina la kukuahidi. Nilikuahidi mara moja kwamba kidonge hakina neno, tazama tulipo. Lakini huko unakokwenda utateremka na nini? Utateremka na tetemeko lako, bila Bibi wa kukutafutia, na siku ya pili utamtafuta Bibi mwengine. Wapo. Kila timu ina wake. Na kila ukifunga viatu utamsikia yule mwenzio anakuulizia goti.

Tena nikwambie, ukisema kesho, si weye peke yako utakayetajwa. Meneja atatajwa. Kocha aliyesema funga bandeji atatajwa. Wenzako waliomeza watapata pa kusemea. Wamekaa wote kimya wanasubiri nani aanze, na wamemsukuma mbele yule asiyekuwa na jamaa hapa. Hayo ndiyo yanayonitia hasira kuliko yote: wamemchagua kwa sababu hana mtu wa kugonga meza kwa ajili yake.

Bas, mie nitaigonga.

Kesho jua likichomoza mie nnakwenda huko klabuni. Suleiman kakataa kunipeleka, na Nakato keshaniitia teksi. Nitaingia nimevaa buibui langu jipya, nitakaa mbele ya yule meneja aliyekula biriani yangu, nitamwambia, Bibi ndiye mie. Nitasema vidonge vilitoka mfukoni mwangu, nilivitafuta kwa uongo, nikavitoa kwa mkono wangu. Nitasema Wafula hakuleta. Kisha nitakwenda Al Amerat kwa mama'ke Azzan, nimrudishie lile busu.

Jina lako sitalitaja. Hilo lako, si haki yangu kulisema. Lakini watu watajua. Bibi wa nani, watauliza, na jibu wanalo. Ndiyo maana nnakwambia sasa, usije ukasikia uwanja wa ndege ukasema Bibi amenichoma kwa nyuma. Nnakuchoma kwa mbele, mume wangu, nikikutizama.

Passport yako ipo pale pale ulipoiweka, sikuigusa. Nilifikiria kuificha, nisikufiche na hilo. Kisha nikasema nimeficha vya kutosha. Ukipanda ndege, panda. Nitakuombea kila sala, ukinipigia simu nitapokea kabla haijalia mara ya pili, na radhi yangu unayo tangu siku ya kwanza nilipokupokea hospitali baada ya ile ajali, umefungwa bandeji ya paji la uso, huli, hulii. Haiondoki. Radhi yangu haikutegemei kesho. Ila sitakudanganya nikakwambia umefanya vyema.

Na ukishuka ngazi kuja na mie, shuka na hayo hayo uliyonayo. Kama unatetemeka, shuka unatetemeka. Huna haja ya kujua utasema nini. Utakaa pembeni yangu, nitaanza mie, na nikishamaliza langu utaona kama la kwako linatoka.

Dereva nimemwambia asipige honi, wenye nyumba wamelala. Nitakaa nyuma. Kiti cha mbele nimekuachia weye, goti lako lipate pa kunyooka.

Bibi yako,
Zuwena